Kiatu Hakifuti Kishindo

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu nyote mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mada niliyopewa ni viatu, kutembea peku, na nguvu inayoupiga mwili kila tunapokanyaga. Ni mada yenye ugomvi. Upande mmoja wako wanaosema viatu ndivyo vilivyotuharibia magoti na migongo, tuvivue tutapona. Upande wa pili wako wanaoamini kwamba mtu asiye na raba ya soli nene na laini anajitafutia maradhi. Pande zote mbili zina wafuasi wakali, na pande zote mbili zina bidhaa sokoni, maana siku hizi hata kutembea peku kumetafutiwa kiatu chake.

Mimi nitashika jambo moja. Kiatu hakifuti kishindo cha hatua. Kinachoweza kufanya ni kubadilisha mwendo wa kishindo hicho: kifike haraka au polepole, kiishie kisiginoni au kipande hadi gotini. Mkishalielewa hilo, sehemu kubwa ya ugomvi inakwisha yenyewe.

Tuanze na hesabu ambayo hakuna fundi viatu anayeweza kuikwepa. Mchukueni mtu anayetembea kwenye uwanja tambarare. Hapai, wala hazami. Basi kwa wastani, hatua baada ya hatua, ardhi lazima imrudishie nguvu iliyo sawasawa na uzito wake. Ingekuwa pungufu, angeshuka, ingezidi, angepanda. Avae raba, avae makubadhi, avae mchuchumio au aende hivi hivi na miguu yake, wastani ni uleule. Ni kanuni ya Newton, na Newton hana punguzo kwa mteja yeyote.

Lakini wastani unaficha mambo. Mtu wa kilo 70 akisimama wima, ardhi inamsukuma juu kwa nguvu ya newtoni 690 hivi. Akitembea, nguvu hiyo hupanda na kushuka. Ukiichora kwenye karatasi unapata vilima viwili na bonde katikati. Kilima cha kwanza ni pale uzito unapouegemea mguu uliotangulia, cha pili ni pale vidole vinapousukuma mwili mbele. Kila kilima hufika kiasi cha mara 1.1 hadi 1.2 ya uzito wa mwili. Akikimbia, inaruka hadi mara mbili au tatu. Kwa hiyo kutembea si adhabu kubwa kwa mwili, na vilima hivi viwili havibadiliki sana kutoka kiatu kimoja hadi kingine. Wengi wakiona michoro ya aina hii huuliza, sasa tofauti iko wapi?

Tofauti kubwa iko mwanzoni kabisa, katika milisekunde 50 za kwanza, yaani sehemu ya ishirini ya sekunde. Kisigino kinapogonga sakafu ngumu bila kiatu, mchoro unaonyesha kijiti chembamba kinachochomoza ghafla kabla ya kile kilima cha kwanza. Hicho ndicho kishindo chenyewe. Si kirefu, pengine hakifiki hata uzito wa mwili, ila kimepanda kwa kasi mno. Wataalamu huangalia kasi hiyo ya kupanda kuliko urefu wake. Gunia la kilo hamsini ukishushiwa begani taratibu unalibeba. Likiachiwa ghafla kutoka juu linakuvunja mgongo, na kilo ni zilezile. Mfupa na gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa viungoni, navyo ni hivyo. Vikipewa mzigo polepole vinajipinda kidogo na kuupokea. Vikishtukizwa vinakuwa vigumu.

Kishindo kile hakibaki kisiginoni. Kinasafiri kama wimbi kupitia muundi, goti, paja, nyonga, uti wa mgongo, hadi kichwani. Ukifunga kifaa cha kupima mtikisiko kwenye muundi na kingine kwenye paji la uso, unakuta cha chini kimetikiswa sana na cha juu kidogo tu. Njiani, wimbi limenyonywa na misuli, gegedu, na goti linalojikunja kidogo wakati wa kukanyaga. Hicho ndicho chombo chetu cha kwanza cha kupunguza mshtuko, nacho hakiuzwi popote.

Chombo cha pili kiko chini ya kisigino. Tuna pale mto wa mafuta wenye unene unaokaribia sentimita mbili kwa mtu mzima. Si mafuta ya kulegea kama ya tumboni. Yamefungwa ndani ya vyumba vidogo vidogo vyenye kuta za nyuzi imara, hivyo yakikandamizwa hayakimbilii pembeni. Anayesema mtu peku hana kinga amesahau mto huu. Isipokuwa umri ukienda, kuta zile hupoteza unyumbufu, na mzee huanza kuisikia sakafu kwa namna ambayo kijana haisikii. Wazee wangu waliokaa mbele wanatikisa kichwa. Mnajua ninachosema.

Kupima haya hakukuanza jana. Katika miaka ya 1870 huko Ufaransa, Étienne-Jules Marey na mwanafunzi wake Gaston Carlet walitengeneza viatu vyenye vyumba vya hewa ndani ya soli, vikiunganishwa kwa mipira na kalamu inayochora. Ukikanyaga, hewa inabanwa, kalamu inapanda. Leo tuna bamba linalofukiwa sakafuni, linalopima nguvu mara elfu moja na zaidi kwa sekunde, na mtu anapita juu yake kama anapita barazani. Ubora wa bamba hilo ni kwamba halimlazimishi mtu avae chochote, kwa hiyo tunaweza kumlinganisha mtu yuleyule akiwa na kiatu na akiwa peku.

Sasa niingie kwenye utafiti ambao kwa maoni yangu ndio ulioisogeza mbele zaidi mada hii. Mwaka 2019 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha kazi ya watafiti Nicholas Holowka, Daniel Lieberman na wenzao. Waliwapima watu wa magharibi ya Kenya, baadhi yao wakiwa wamezoea kwenda peku na wengine wamezoea viatu, pamoja na watu wa Boston, Marekani. Walianza na sugu, ile ngozi nene ya unyayo. Wengi wetu tungedhani sugu inafanya mguu usihisi, kama soli inavyofanya. Wakapima unene wake, wakapima uwezo wa unyayo kuhisi mitetemo, na wakakuta sugu nene haipunguzi hisia. Ngozi ngumu huupeleka mtetemo hadi kwenye mishipa ya fahamu iliyo ndani bila kuumeza. Wala sugu haibadilishi kishindo cha hatua. Inakulinda dhidi ya mawe na miiba, na bado unaijua ardhi unayoikanyaga. Soli ya povu inakulinda pia, lakini inakukatia mawasiliano.

Sehemu ya pili ya utafiti huo ndiyo inayowahusu wavaaji raba. Waliwapitisha watu juu ya bamba wakiwa peku, wakiwa na viatu vyembamba visivyo na povu, na wakiwa na viatu vyenye povu. Kiatu chenye povu kilipunguza kasi ya kupanda kwa nguvu, kama watengenezaji wanavyosema. Hapo hawakudanganya. Lakini kilirefusha kishindo. Na ukichukua nguvu ukaizidisha kwa muda wake, unapata jumla ya msukumo unaoingia mguuni katika ile awamu ya kugonga. Jumla hiyo iliongezeka. Pigo lilikuja pole, likakaa zaidi, likaacha mzigo mkubwa zaidi. Viatu vyembamba vilifanana na peku.

Naomba tuelewane vizuri hapa, kwa sababu matokeo haya yamesambazwa kwa kelele nyingi. Utafiti ule ulipima nguvu, haukufuatilia maradhi. Hausemi raba inaleta ugonjwa wa goti. Unasema kwamba bei ya ulaini inalipwa mahali pengine, na mahali penyewe huenda ni juu zaidi ya kisigino, kwenye viungo.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mwili haukai kimya ukisubiri kupokea. Mguu una tabia ya kujikaza au kujilegeza kulingana na kilicho chini yake. Watafiti Daniel Ferris na Claire Farley walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mtu anayekimbia kwenye sehemu laini hukaza mguu zaidi, na kwenye sehemu ngumu huulegeza, ili jumla ya unyumbufu ibaki karibu palepale. Na mwaka 2018 watafiti wa Finland, wakiongozwa na Juha-Pekka Kulmala, waliwapima wakimbiaji waliovaa viatu vyenye povu jingi kupita kiasi, na kishindo kikaongezeka badala ya kupungua. Waliukaza mguu kwa sababu chini kulikuwa laini. Mwenye kiatu laini anakanyaga kwa ujasiri. Mwenye mguu peku kwenye zege anakanyaga kwa adabu: hatua fupi, za haraka kidogo, unyayo ukiwa bapa zaidi. Hafundishwi na mtu. Akikosea anaumia papo hapo.

Nimetaja kukimbia, na najua baadhi yenu mmesikia kwamba kukanyaga kwa mbele ya unyayo ndiyo siri. Habari hiyo ilienea baada ya utafiti wa Lieberman wa 2010, nao pia ulitoka katika Nature. Ulionyesha kwamba wakimbiaji waliozoea kwenda peku mara nyingi hutua kwa mbele ya unyayo, na kile kijiti cha kishindo karibu kinatoweka. Sababu ni kwamba mtu akitua kwa kisigino, sehemu ya mwili inayosimama ghafla ni kama asilimia 6.8 ya uzito wake, yaani unyayo pamoja na sehemu ya mguu; akitua kwa mbele ni asilimia 1.7 tu, kwa kuwa kifundo kinajikunja na kuipokea iliyobaki. Hesabu nzuri, na ni ya kweli. Tatizo ni watu walioichukua hesabu ya mkimbiaji wakaenda nayo sokoni kwa miguu. Nimeona mtu mzima anatembea barabarani akinyata kwa vidole kama mwizi, akiamini anaokoa magoti.

Kutembea ni jambo jingine. Binadamu anatembea kwa kisigino kwanza, akiwa na viatu au bila. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipima mwaka 2010 wakakuta kutembea kwa mbele ya unyayo kunatumia nishati zaidi kwa asilimia 53 kuliko kuanza na kisigino. Na tabia hii ni ya kale mno. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizofukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey, zina umri wa miaka milioni 3.6 na zaidi, na alama ya kisigino imezama vizuri ardhini. Waliozikanyaga hawakuwa hata binadamu kama sisi, na viatu hawakuwa navyo. Hata katika kukimbia, kanuni si moja: mwaka 2013 watafiti waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao hukua bila viatu, na wengi wao walipokimbia kwa mwendo wanaoupenda walitua kwa kisigino.

Vilevile Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia, anatajwa sana katika mabishano haya. Alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Miaka minne baadaye alishinda tena Tokyo, safari hii amevaa viatu, na kwa muda mfupi zaidi. Kila upande husimulia nusu yake.

Turudi kwenye goti, maana hapo ndipo maumivu ya watu yalipo. Goti linapokanyagiwa, mzigo haugawanyiki sawa. Unaelemea upande wa ndani, na huko ndiko gegedu huchakaa kwanza kwa wengi. Mzigo huu wa pembeni unaweza kupimwa. Mwaka 2006 watafiti Najia Shakoor na Joel Block wa Chicago waliwapima watu 75 wenye goti lililochakaa. Walitembea na viatu vyao vya kila siku, kisha wakavivua. Walipokuwa peku, mzigo wa pembeni wa goti ulishuka kwa takriban asilimia 12. Hao ni wagonjwa, kwa viatu vyao wenyewe, siku hiyohiyo. Baadaye, mwaka 2010, walilinganisha aina mbalimbali. Viatu vizito vya kushikilia mguu imara, ambavyo mgonjwa hushauriwa kununua kwa nia njema, na vile vya soli ngumu vya kutumbukiza mguu, vilileta mzigo mkubwa zaidi gotini kuliko viatu bapa vyepesi, kuliko ndala, na kuliko miguu mitupu.

Ndala! Kiatu tunachokidharau kuliko vyote. Sababu haina muujiza: ndala ni bapa, haijainua kisigino, na inajipinda mguu unapojipinda. Ila msitoke hapa mkidhani nimewatuma mkanunue ndala. Anayezivaa anafupisha hatua na kubana vidole ili zisimtoke, na mzee anayeburuta ndala anaweza kujikwaa akaanguka. Kuvunjika nyonga ni balaa kuliko asilimia zozote za mzigo wa goti.

Upande wa pili wa mizani kuna mchuchumio. Dada zangu, sitawahubiria, nitataja kilichopimwa. Mwaka 1998 Casey Kerrigan na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba visigino virefu vinaongeza mzigo wa goti, mbele kwenye pia ya goti na ndani pembeni. Watu wakasema, basi tuvae vyenye kisigino kipana. Mwaka 2001 wakapima hivyo pia. Kisigino kipana kiliongeza mzigo vilevile. Upana unakusaidia usiyumbe. Kinacholitesa goti ni urefu. Na kila kisigino kinapoinuka, uzito unahamia mbele, kwenye vichwa vya mifupa iliyo nyuma ya vidole, mahali pasipo na mto wa mafuta kama ule wa nyuma.

Wanaume wasicheke. Kiatu cha ngozi chenye kisigino kigumu kinachogonga ukumbini kikasikika hadi mlango wa pili kinaleta kishindo kikali kuliko kisigino cha mpira. Ile sauti ni ushahidi. Hakina ulaini wa raba wala hakikupi hisia ya ardhi kama unyayo mtupu, na bado ni nadra kusikia kikilaumiwa, kwa sababu kinaonekana cha heshima.

Aliyeamua kupunguza soli au kwenda peku aende polepole. Mwaka 2013 wakimbiaji waliohamia viatu vyembamba kwa wiki 10 walipigwa picha za sumaku (MRI) za nyayo zao, na zaidi ya nusu yao walionekana na uvimbe ndani ya mifupa, dalili kwamba mfupa unaelemewa. Mfupa unakubali kazi mpya, lakini kwa miezi. Misuli ya shavu la mguu na ukano wa nyuma ya kisigino navyo vinadai muda wao. Anza nyumbani, dakika chache, sakafu unayoijua.

Na kuna ambao sitawaambia waanze kabisa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo asitembee peku hata chumbani, kwa sababu faida yote niliyoieleza inategemea unyayo unaohisi. Asiyehisi hajirekebishi, na kidonda kidogo kinaweza kumgharimu mguu. Vilevile penye udongo wenye safura, penye funza, penye misumari na vigae, kiatu ni kinga ya maisha, na hesabu za kishindo zinakaa pembeni.

Nimeletewa maswali mawili kwenye karatasi. La kwanza ni la watoto: wavae au wasivae? Mwaka 1992 watafiti Rao na Joseph walichapisha uchunguzi wa watoto 2,300 nchini India. Miongoni mwa waliovaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa, yaani zisizo na tao. Miongoni mwa wasiovaa, asilimia 2.8. Hiyo ni habari ya umbo la unyayo, si ya kishindo, lakini inatosha kuniambia kwamba mtoto akicheza peku mahali safi hapotezi kitu. Akihitaji kiatu, kiwe chepesi, kipana vidoleni, chenye soli unayoweza kuikunja kwa mkono mmoja.

La pili ni la kijana ambaye mama yake analalamika goti na ameshauriwa anunuliwe raba ya soli nene. Ndugu yangu, kwanza muulize mama kama ana kisukari, na kama anahisi nyayo zake zote mbili sawasawa. Kama hana tatizo hilo, mtafutie kiatu bapa kinachojikunja, chenye kamba au mkanda ili kisimtoke, na kisigino kisichopita kimo cha sehemu ya mbele. Atembee nacho dukani, na wewe ukae pembeni usikilize. Akitua kwa kishindo, jaribuni kingine. Akitua kimya na uso haujakunjamana, lipia.